Lori la Mayai

Wa kwanza kuutaja ule mguu alikuwa nesi.

Kabla ya hapo simu ya wodini ilikuja kila alasiri na habari yake ilikuwa ileile: mzee yupo, hewa anapewa, kusema hawezi kwa sababu ya kile kikombe cha plastiki usoni, basi semeni nyinyi, simu iko sikioni kwake. Kumwona ilikuwa marufuku. Gonjwa lilikuwa limefunga mageti ya hospitali, na ndugu wote waliishia nje kwa mlinzi. Watu wa nyumba ile, waliozoea kunyang'anyana maneno mzee alipokuwa mzima, sasa walipewa nafasi ya kusema wakajikuta vinywa vitupu. Binti yake, msusi, alisema pole baba, kisha akalia mpaka kioo cha simu, chenye nyufa kama utando wa buibui, kikalowa. Mdogo wake mzee, aliyejipa mwenyewe cheo cha msemaji wa familia, alimhutubia mgonjwa kama anafungua mkutano: kaka, ukoo mzima uko nyuma yako, suala la gharama lisikuumize kichwa. Hizo gharama yeye alikuwa hajazigusa hata kwa ncha ya kidole.

Mke alikuwa akipokea simu mwisho. "Baba watoto, ni mimi," alisema, halafu kimya. Ndivyo alivyoumbwa. Maisha yake yote alipima nafaka kwenye ghala la jumla, na watu walimwita Mama Mizani hata wasiojua alikofanya kazi. Neno kwake lilikuwa kama kilo. Kama halipo, huliandiki. Na mwanamke huyu, kwa mambo ya Mungu yasiyo na mjadala, aliolewa na mwongo mkubwa kuliko wote mtaani.

Mzee alikuwa dereva wa lori mpaka alipostaafu, na jina lake la mtaani lilikuwa Breki. Jina lilitokana na kisa chake cha siku aliposhuka mteremko mkali bila breki, lori limejaa mayai. Kisa hicho alikisimulia kwenye kinyozi, msibani, kwenye foleni ya maji, na mara moja alimsimulia askari aliyemsimamisha kwa kosa la taa mpaka askari akasahau kuandika faini. Mama Mizani alikisikia kiasi cha kukichukia. Kila kikifika kwenye mteremko, pale pedali inapozama, yeye alikuwa akiinuka. Chai inapoa, alikuwa akisema, au nguo zitalowa, na kweli alikwenda kuanua nguo, hata kama mbingu ilikuwa kavu kama kigae.

Basi siku hiyo alishika simu, akasema ni mimi, akakaa kimya. Alijua nesi amesimama na mavazi yake mazito ya plastiki, amemshikia mzee simu kwa mkono wenye glavu, na wagonjwa wengine wanamngoja. Akaona aibu. Akashika kilichokuwa karibu.

"Siku ile ulipopakia saruji," alianza, "utingo akapanda juu ya mifuko akalala..."

"Mama, subiri," nesi alisema. "Amepiga teke."

Chumba kizima kilisimama. Nesi alieleza kwamba mguu wa kulia, ambao tangu mzee aingizwe wodini haujainuka, ulikuwa umerusha shuka pembeni. Akamwomba mama arudie aliyosema. Mama akarudia, saruji, mifuko, utingo, na nesi akasema teke jingine hilo.

Msusi alimnong'oneza mama yake kwamba lori halikubeba saruji. Lilibeba mayai. Mtoto mchanga wa mtaa ule alijua hivyo.

"Samahani baba watoto," Mama Mizani alisema. "Mayai."

"Ametulia," nesi alisema, na kwa mara ya kwanza walimsikia anacheka.

* * *

Kuanzia hapo alasiri ikawa saa ya makosa. Waligundua kwamba mzee anavumilia kuumwa, anavumilia sindano, ila kisa chake kuharibiwa hakuvumilii. Msusi alisema lori lilikuwa la kijani, mguu ukaja juu. Msemaji wa familia alisema utingo alikuwa amenuna siku ile, kumbe kisa kinataka utingo awe anaimba. Mguu ukaja juu. Mama Mizani, ambaye hakupata kutia kidole kwenye mizani ya mtu, alijifunza uongo juu ya uongo: akapandisha lori mlima badala ya kulishusha, akaweka mvua pasipo na mvua, akaligeuza lori kuwa basi. Nesi alikuwa akitangaza kama mtangazaji wa mpira: huo, mwingine, huo mkali. Walicheka. Simu ilipokatika walikuwa bado wanacheka, kila mmoja amebeba kosa lake la kesho kama mtu anayeficha zawadi.

Walihitaji kicheko, kwa sababu nje ya mlango hakikuwepo. Mwenye duka la pembeni alikuwa amewawekea beseni la maji ya sabuni, hela yao itumbukizwe humo kwanza. Na chenji aliisukuma kwa fimbo ya ufagio. Wateja wa msusi walikuwa wameyeyuka, maana nani atampa kichwa mtu anayetoka nyumba ile? Bombani, Mama Mizani akiweka ndoo, ndoo za wengine zilihama zenyewe, na mwenye ndoo akajifanya amekumbuka kitu nyumbani. Jirani mmoja, aliyekuwa akila na kusaza kwao, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba wamwache mzee apumzike, sikio la kufa halisikii dawa.

Mama Mizani alimtazama, akainua ndoo yake. "Hatumpi dawa," alisema. "Tunamuudhi."

Msemaji wa familia naye aliichukua ile habari ya mguu akaenda nayo mbali. Katika kundi la simu la ukoo alitangaza kwamba kaka anapata nafuu, ana nguvu, anapiga mateke kama mtoto tumboni, na kwamba mbinu hiyo ameibuni yeye. Pongezi zikamiminika. Shangazi mmoja akauliza mgonjwa akitoka apelekewe nini. Msemaji akajibu kwamba kaka anapendelea shati jipya.

* * *

Asubuhi moja simu ililia, saa isiyo yake. Ilikuwa namba ngeni. Msusi aliipokea, akaikunjia uso, akampa mama yake: ni nesi, anapiga kwa simu yake mwenyewe, anakutaka wewe peke yako.

Mama Mizani alitoka nayo hadi kwenye kamba ya nguo.

Nesi alikuwa ametoka zamu na sauti yake ilikuwa imechakaa. Aliuliza kama anaweza kusema wazi. Mama Mizani alimwambia aseme, yeye si mtu wa kuongezewa wala kupunguziwa. Ndipo nesi akasema kwamba daktari amepitia vipimo, mapafu hayatarudi, na kilichobaki ni kumwondolea mzee maumivu na kumtuliza. Halafu akasema kwamba shida ni hapo kwenye kutulia.

"Mkishakata simu, mguu hauachi," alisema. "Nyinyi mnaenda zenu, yeye anabaki anabonyeza. Anabonyeza mpaka zamu yangu inaisha, nakuta anayenipokea anasema bado anabonyeza. Tumempa dawa ya usingizi, anabonyeza usingizini. Jasho linamtoka. Jana nikamwinamia nikamuuliza, mzee, unaumwa? Akakataa kwa kichwa. Nikamuuliza, unaendesha? Akafumba macho, akafumbua. Mama, ndiyo hiyo."

Mama Mizani alishika kamba.

"Mimi nimefundishwa kuwasaidia ndugu waage," nesi aliendelea. "Habari za malori sikufundishwa. Lakini naona kama mnamwacha mteremkoni kila siku. Hilo lori lenu halina mahali linaposimama?"

"Papo," Mama Mizani alisema. "Leo tutalisimamisha."

Alirudi ndani akaketi, na hapo ndipo alipokwama. Alikijua kisa mpaka pedali inapozama. Mbele ya hapo alikuwa hajui hata neno moja. Miaka yote ile, mbele ya hapo yeye alikuwa kwenye kamba, anaanua nguo kavu.

* * *

Alimuuliza binti yake kwanza. Msusi alifuta macho, akasema lakini mama, hilo nalo la kuuliza, mwisho unajulikana. Joto la injini lilipanda, mayai yakaanguliwa yote kwa mpigo, vifaranga wakakua palepale njiani kwa hofu, wakapiga mabawa kwa pamoja, na lori likanyanyuliwa likatuliwa bondeni kama jani. Baba alimsimulia hivyo utotoni kila akikataa kulala.

Msemaji wa familia alisema hayo ya kuku ni ya watoto. Ukweli ni kwamba kaka alifungua mlango, akatoa mguu nje, akakanyaga lami kwa kandambili ya tairi mpaka moshi ukafunika bonde. Alama yake ingalipo. Kisha akauliza kwa nini shemeji anataka mwisho. Mama Mizani akamweleza aliyoyasema nesi, bila kupunguza.

Uso wa shemeji yake ulibadilika rangi. Alikuwa na shati jipya chumbani, limekunjwa kwenye karatasi yake. Ndilo pekee alilowahi kumnunulia kaka yake kwa hela yake mwenyewe.

"Kwa hiyo unataka kumuua kaka yangu kwa simu," alisema.

"Shemeji."

"Watu wote nimewaambia anapona. Mguu ule ndio uzima wake. Wewe unataka uutulize."

"Ungekuwa wewe kwenye usukani," Mama Mizani alisema, "ungependa tukuache hapo juu, tukakae tunacheka?"

Shemeji alikwenda kukaa kwenye kiti cha mlangoni, akawageuzia mgongo.

Walimpigia utingo wa zamani, mzee sasa, anayeishi kwa mwanawe mbali. Yeye alicheka mpaka kikohozi kikamshika na wote wakaogopa. Alipopata pumzi alisema, shemeji, mayai hatukubeba hata siku moja. Tulibeba chupa tupu. Na breki zilikuwa nzima. Mumeo alikuwa mwoga wa miteremko kuliko kuku wa maji; pale mlimani tulikuwa tunashuka gia ya kwanza, watembea kwa miguu wanatupita, watoto wanatuzomea. Kicheko kikaisha ghafla, akauliza taratibu anaendeleaje.

Saa ya simu ilikuwa inakaribia. Mama Mizani alifunga barakoa akaenda kwa kinyozi. Hakuruhusiwa kuingia, hata hakujaribu. Alisimama upande wa pili wa mtaro wa maji machafu, na kinyozi akaongea naye kupitia dirishani na mkasi mkononi. Kwake yeye lori liliingia moja kwa moja kwenye ghala la unga. Mayai yakapasukia humo, injini ikatoa moto, na wilaya nzima ikala keki kwa wiki. Alieleza mpaka ladha ya keki. Mama Mizani alishukuru, akageuka kuondoka.

"Mzee alikuwa hivyo," kinyozi alimsemea mgongoni, si kwa ubaya. "Kila mtu alimpa mwisho wake. Wewe alikupa upi?"

Alivuka barabara. Njia nzima alisikia swali lile nyuma yake, kama nyayo za mtu anayekwenda mwendo wake huohuo, akisimama linasimama.

* * *

Simu ilipolia alikuwa amekaa kwenye mkeka, msusi ubavuni. Shemeji alikuwa bado mlangoni na mgongo wake.

Nesi hakusema mengi. Alisema mzee yupo, mguu bado uko kazini, na kwamba leo ataweka kipaza sauti ili mikono yake yote miwili iwe huru.

"Baba watoto, ni mimi," Mama Mizani alisema. Safari hii hakunyamaza. "Siku ile ulipakia mayai. Trei juu ya trei, mpaka turubai likakataa kufunga. Lori lako lilikuwa jekundu. Utingo alipanda juu akajilaza, anaimba, na wewe ukamwambia ukivunja yai moja utalitaga wewe."

Msusi alimtazama mama yake. Kumbe alikuwa akisikia. Miaka yote, kabla ya kukimbilia kamba ya nguo, kila neno lilikuwa limeingia.

"Mkafika juu ya mteremko. Chini bonde linaonekana dogo kama kiganja. Ukakanyaga breki, pedali ikazama kama kidole kwenye uji. Ukakanyaga tena. Hakuna. Utingo akaacha kuimba."

"Anabonyeza," nesi alisema kwa sauti ya chini. "Anabonyeza sana, mama."

Hapo palikuwa mahali pake pa kuinuka. Magoti yenyewe yalitaka kuinuka. Mama Mizani aliyakandamiza kwa mkono ulio huru.

"Bonyeza tu, mume wangu, nipo," alisema. "Lori linakimbia. Miti inapita. Ukapiga honi, watu wakatoka njiani. Ukashika usukani mpaka vidole vikawa vyeupe. Na mimi sijui vifaranga, wala sijui ghala la unga. Mimi najua barabara. Hakuna mteremko usiokwisha. Kule chini mteremko ukaanza kuwa mpole. Ukalala kidogo. Lori likapunguza. Ulikuwa huoni mawe ya pembeni kwa mbio, sasa unaona moja, na jingine. Sasa unaona nyasi. Sasa mtu anayetembea kwa miguu anakupita, unamsalimia. Magurudumu yanazunguka polepole kama jiwe la kusagia. Yakasimama. Mbele ya nyumba yetu, hapa mlangoni. Ukazima injini."

Walisikia mashine zinavuta pumzi za watu.

"Ukashuka," Mama Mizani alisema. "Ukaniita nije nikague, maana unanijua. Nikafungua turubai. Nikaangalia trei moja baada ya nyingine, juu mpaka chini." Tabia ni ngozi. "Lilikuwa limevunjika moja."

"Teke," nesi alisema.

Kutoka mlangoni shemeji alitoa sauti, nusu kicheko, nusu kitu kingine. Alikuwa ameshageuza kiti.

"Umesikia, shemeji?" alisema. "Hataki."

"Nimesikia." Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Haya, baba watoto. Nimehesabu vibaya. Halikuvunjika hata moja."

Wakasubiri.

"Mguu umetulia," nesi alisema. "Nimeuwekea mkono. Umetulia kabisa, mama."

Msemaji wa familia alifungua mdomo aulize umetulia kwa namna gani. Msusi alimshika mkono, na yeye, kwa mara ya kwanza tangu apate cheo, hakusema. Kule wodini mashine moja ilianza kulia sauti ndefu, halafu mtu akaizima. Nesi hakukata simu. Wagonjwa wengine walimngoja, na ndugu wengine mahali pengine walikuwa wamekaa wakitazama simu zao, lakini hakukata.

Mama Mizani alijua. Alikuwa ameishi kwa kujua uzito wa vitu, na alijua uzito wa ule ukimya. Kwa sheria ya nafsi yake alipaswa kusema ahsante mwanangu na kuiweka simu chini. Alivuta miguu, akaketi vizuri zaidi kwenye mkeka, kama mtu mwenye alasiri nzima mbele yake.

"Sasa kazi ya kushusha," alisema. "Hatuwezi kuyaacha nje yapigwe jua. Wewe dereva kaa, umechoka. Utingo yuko juu, mimi niko mlangoni. Trei ya kwanza hii hapa. Pokea taratibu."

Simu ilikwaruza. Kisha, kwa sauti nzito ya mtu anayeongea nyuma ya barakoa iliyolowa, nesi akasema:

"Nimepokea, mama. Lete nyingine."